Jani lililoharamishwa kwa ajili ya kodi ya kasumba

Wagema mpira wa kusini mwa Thailand huamka usiku wa manane. Utomvu hutiririka vizuri kungali baridi, na jua likishapanda mti hutoa kidogo, kwa hiyo kazi huanza saa saba au saa nane za usiku, taa ikiwa imefungwa kwenye paji la uso na kisu kikiwa mkononi. Kwa vizazi kadhaa wengi wao wamekuwa na desturi moja kabla ya kushika njia: kuchuma majani machache ya mti uliopandwa nyuma ya nyumba, kuunyofoa mshipa wa katikati, kuyatafuna pamoja na chembe za chumvi, kisha kushushia kwa maji ya moto au kahawa. Wanasema mwili huwa mwepesi, njaa hukaa mbali, na jua la mchana huvumilika. Mti huo ni kratom.

Leo jani hilohilo linauzwa Marekani likiwa unga wa kijani, kapsuli na vichupa vidogo vinavyopangwa kaunta kwenye vituo vya mafuta. Wauzaji wanaahidi akili iliyotulia kazini, nguvu za kutwa nzima na umakini wa kusoma bila kusinzia. Ili kumtuliza mnunuzi, humkumbusha kwamba wakulima wa Asia wamelitumia kwa mamia ya miaka. Kwamba wakulima walilitumia ni kweli. Lakini hadithi hiyo husimuliwa nusu, na nusu inayoachwa ndiyo inayomhusu zaidi anayelinunua.

Kratom ni wa ukoo mmoja na mbuni, yaani mti wa kahawa. Unapenda ardhi yenye maji mengi, na asili yake ni Thailand, Malaysia, Indonesia na nchi za jirani. Mtaalamu wa mimea Mholanzi, Pieter Willem Korthals, ndiye aliyeuingiza katika vitabu vya sayansi miaka ya 1830. Mwaka 1836 tayari kulikuwa na maandishi ya Kiingereza yaliyoeleza kwamba watu wa rasi ya Malaya walilitumia jani hili pale walipokosa kasumba. Hapo ndipo ilipo siri ya kratom. Mwaka 1921 Ellen Field wa Chuo Kikuu cha Edinburgh alitenga kemikali yake kuu, akaiita mitrajinini, na watafiti waliofuata walionyesha kwamba inagusa vipokezi vilevile vya ubongo vinavyoguswa na kasumba. Mtu akitafuna kidogo huchangamka, kama aliyekunywa kahawa kali. Akizidisha, hulegea na kusinzia, na maumivu yakapungua. Jani ni lile lile, mlango ni ule ule. Kinachobadilika ni kiasi.

Sasa tufike kwenye sheria, maana hapa ndipo historia ya jani hili inaposikitisha.

Tangu katikati ya karne ya 19 serikali ya Siam, kama Thailand ilivyoitwa wakati huo, ilihodhi biashara ya kasumba na kujipatia fedha nyingi humo. Vibanda vya kuvutia vilikuwa na leseni, na kila kete iliyovutwa iliingiza kitu hazina. Kasumba ilipopanda bei, maskini walitazama nyuma ya nyumba zao. Huko kulikuwa na mti usiolipiwa leseni wala ushuru, ambao majani yake yaliwapunguzia arosto ya kasumba na kuwawezesha kurudi shambani asubuhi. Januari 1943, vita vya dunia vikiendelea na nchi ikiwa chini ya Waziri Mkuu Phibunsongkhram, mjumbe mmoja wa bunge alisema waziwazi kwamba kodi ya kasumba ni kubwa, kratom haitozwi chochote, watu wanahama, na mapato ya serikali yanaonekana kushuka. Agosti mwaka huohuo Sheria ya Kratom ilipita. Kupanda mti huo kukawa kosa, kuuza kosa, kumiliki kosa.

Siwezi kuisoma sheria ile kwa namna nyingine zaidi ya hii: serikali ilikuwa inalinda duka lake. Kama hoja ingekuwa afya ya raia, kasumba ndiyo ingetangulia kufungwa. Ilibaki halali kwa miaka 16 zaidi, hadi mwaka 1959, serikali ya Waziri Mkuu Sarit Thanarat ilipoipiga marufuku na mirija ya kuvutia ikachomwa hadharani Bangkok. Sababu ya kuharamisha kratom ikawa imekufa, lakini marufuku yenyewe haikuondolewa. Mwaka 1979 ikakazwa: sheria mpya ya dawa za kulevya iliuweka mti huo kundi moja na bangi. Mjukuu aliyerithi mti uliopandwa na babu yake akawa mhalifu kwa sababu ya kivuli kilichokuwa uani kwao.

Hii haimaanishi kwamba jani halikuwa na madhara. Mwaka 1975 daktari Sangun Suwanlert wa Thailand alichapisha uchunguzi wa walaji 30. Aliwakuta watu waliolizoea jani kiasi cha kushindwa kuliacha. Walioliacha ghafla waliumwa misuli, wakatokwa kamasi, viungo vikawa vinashtuka vyenyewe. Baadhi walikonda, wengine ngozi ya mashavu ilikuwa imekuwa nyeusi, na wachache walichanganyikiwa akili. Wengi walianza kwa sababu ileile wanayotajiwa wateja wa leo: wapate nguvu ya kufanya kazi zaidi. Muuzaji anayetaja uzoefu wa wakulima bila kutaja uraibu wao hamtendei mteja haki.

Marufuku nayo ilizaa mambo yake. Katika mikoa ya kusini kabisa, Pattani, Yala na Narathiwat, vijana walianza kuchemsha majani na kuyachanganya na soda aina ya kola na dawa ya kikohozi yenye kodeini, mchanganyiko ulioitwa si khun roi, yaani nne mara mia. Hao hawakuwa tena wagema mpira wanaotafuna ili kazi iende. Ng'ambo ya mpaka, Malaysia inaliita jani hilo ketum na inalidhibiti kwa Sheria ya Sumu ya mwaka 1952, ambayo kosa lake laweza kumpeleka mtu jela hadi miaka minne. Magunia ya majani yakaanza kuvuka kwa magendo kutoka majimbo yake ya Kedah na Perlis kwenda Thailand.

Agosti 24, 2021 Thailand iliiondoa kratom kwenye orodha ya dawa za kulevya. Waziri wa Sheria, Somsak Thepsuthin, alikuwa mstari wa mbele, na maelfu ya watu waliokuwa na kesi au hukumu za jani hilo walinufaika. Wauza majani walijitokeza barabarani na mafungu yao. Mwaka uliofuata ilitungwa sheria mahususi: kulima na kutumia ruksa, lakini hairuhusiwi kumuuzia mwenye umri chini ya miaka 18, mjamzito wala anayenyonyesha. Naona huo ni uamuzi wa busara. Ulikuja umechelewa miaka 78.

Huko Kalimantan Magharibi, Indonesia, mti huo umeshika njia nyingine. Wilayani Kapuas Hulu, kando ya mto Kapuas, wakulima walioishi kwa mpira waliona bei yake ikianguka mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakageukia kratom, ambayo wenyewe waliijua kama purik, dawa ya kienyeji. Majani hukaushwa, husagwa, husafirishwa hadi Pontianak na kutoka hapo kwenda ng'ambo, sehemu kubwa Marekani. Idara ya kupambana na dawa za kulevya ya Indonesia ilitaka mti huo upigwe marufuku. Mwaka 2024 serikali ikaamua kudhibiti usafirishaji badala ya kuuzuia.

Marekani yenyewe haijaamua. Agosti 2016 idara ya dawa za kulevya, DEA, ilitangaza nia ya kuiweka kratom daraja moja na heroini. Watumiaji, wakiwemo waliosema jani liliwatoa kwenye vidonge vya maumivu na wengine waliolitumia kwa nguvu na umakini tu, walikusanya saini zaidi ya 140,000, na Oktoba idara ikarudi nyuma. Mwaka 2018 watu 199 katika majimbo 41 waliugua salmonela iliyotokana na bidhaa za kratom. Kisha kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichunguza zaidi ya vifo 27,000 vya kuzidisha dozi kati ya Julai 2016 na Desemba 2017. Kratom ilitajwa kuchangia vifo 91, na karibu vyote vilikuwa na dawa nyingine ndani yake, hasa fentanili na heroini. Idadi hiyo ni ndogo, lakini haifuti hatari ya kuchanganya.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko yote ni hili la karibuni. Ndani ya jani mna chembe kidogo mno ya kemikali iitwayo 7-OH, yenye nguvu kuliko mitrajinini. Viwanda vimejifunza kuitengeneza kwa wingi na kuifunga katika tembe na peremende. Julai 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipendekeza 7-OH idhibitiwe, ikisema lengo lake si jani la asili. Hata unga wa kawaida hautabiriki: uchunguzi wa kemia ulikuta mitrajinini ni karibu theluthi mbili ya alkaloidi za majani ya Thailand, huku sampuli za Malaysia zikiwa na takriban moja ya kumi tu. Kijiko kimoja cha unga kutoka pakiti mbili kinaweza kuwa vitu viwili tofauti.

Sisi tulio karibu na miraa tunaujua mjadala huu kwa ndani. Uingereza ilipoipiga marufuku Juni 2014, wakulima wa Meru walipoteza soko kubwa, na swali la nani analindwa na sheria lilijadiliwa hadi bungeni Nairobi. Lakini miraa hufika mdomoni ikiwa mbichi, na mlaji anaona anachotafuna. Kratom ya mtandaoni haina sifa hiyo.

FDA haijaidhinisha kratom kwa tiba yoyote, wala haiitambui kama kirutubisho halali. Anayetaka umakini kazini asiuanzie kwenye pakiti isiyosema ina mitrajinini kiasi gani. Aliyekwisha kuizoea asiache kwa kishindo peke yake. Amweleze daktari wazi anachotumia na kwa kiasi gani, hasa kama anatumia pia dawa za usingizi au za maumivu, au ni mjamzito.