Rabai: Kanisa Lililojazwa na Watoro

Karibu kila habari ya Rabai niliyosoma huanza na mmisionari Krapf ikaishia kwa mwenzake Rebmann. Krapf alifika Mombasa 1844, akamzika mkewe na kitoto chao mwaka huohuo. Mwaka 1846 Rebmann akamfuata, wazee wa Kirabai wakawapa pa kukaa huku juu kilimani, karibu na Mombasa. Kisha hadithi hukimbilia theluji ya Kilimanjaro ya 1848 na Mlima Kenya wa 1849, na Rabai yenyewe husahaulika.

Hayo yote ni kweli, ila hayatuambii kanisa la kijiji hiki lilipataje watu. Wazungu wale wawili hawakulijaza. Baada ya miaka mitano ya kuhubiri, mtu wao wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, kiwete aliyekuwa taabani kitandani.

Waliolijaza ni watoro.

Mashamba ya pwani yalilimwa na watumwa, na mtumwa aliyeponyoka alitafuta pa kujisitiri. Rabai alimkuta William Jones, Myao aliyeuzwa utotoni, akaokolewa, akalelewa na misheni huko India na kurudishwa Afrika 1864. Mwaka 1885 alipewa ushemasi, akaandamana na Askofu Hannington kuelekea Buganda. Askofu akauawa Busoga. Jones ndiye aliyewarudisha wapagazi waliosalia hadi Rabai, Februari 1886, na bendera ya buluu yenye neno moja, Ikabodi: utukufu umeondoka. Neno hilo lilitosha kueleza msiba.

Mtu wa namna hiyo, aliyekwisha kuwa bidhaa yeye mwenyewe, akibishiwa hodi usiku na mama aliyebeba mtoto mgongoni, angemfukuza?

Mwaka 1888 wenye watumwa walidai mali yao, wakatishia misheni kwa silaha. Wakuu wa misheni walikuwa wamekataza kupokea watoro, na walipohesabu wakakuta mamia kwa mamia, wakaandika kwa mshangao kwamba walidanganywa. Lawama zikamwangukia Jones. Mimi mshangao huo siuamini. Watu wote hao wanajenga vibanda, wanalima mahindi, wanaimba kanisani Jumapili baada ya Jumapili, nawe usiulize walikotoka? Hawakujua kwa sababu hawakutaka kujua. Shemasi alijua, na aliwaacha wakae. Kwangu hilo ndilo tendo kubwa kuliko yote yaliyotendeka kilimani hapa, kuliko hata kamusi ya Kiswahili ya Krapf, ambayo naiheshimu.

Mackenzie wa kampuni ya Waingereza akawalipa mabwana fidia. Tarehe 1 Januari 1889, hapo Rabai, watoro wakaanza kukabidhiwa vyeti vya uhuru. Katika vituo vyote vya misheni walikombolewa takriban 1,400, wengi wao wa Rabai. Vitabu humshukuru Mackenzie, na fedha kweli ilipitia mikononi mwa kampuni yake. Lakini asingekuwa na mtu wa kumkabidhi cheti kama kijiji hakingekuwa kimewaficha watu hao miaka mingi, kikawagawia ardhi na chakula, kikawaita ndugu. Wayao, Wanyasa na wengineo, waliotenganishwa na koo zao, walipata ukoo mpya katika kanisa. Hapo waliozesha watoto wao, hapo walizika wafu wao. Furaha ya Jumapili Rabai ilianza hivyo, kwa watu waliokuwa wamehesabiwa kuwa mali ya wengine.

Karne iliyofuata ilileta padre baada ya padre. Kanisa la Mtakatifu Paulo bado linasali, jengo la kale limekuwa makumbusho, na mwaka 2008 makaya (misitu mitakatifu) ya Mijikenda, ya Rabai yakiwemo, yaliingizwa katika urithi wa dunia.

Ukipanda Rabai utaonyeshwa nyumba ya Krapf na ya Rebmann. Zitazame, ni haki yao. Kisha muulize anayekutembeza habari za shemasi Jones, na usiondoke kabla hajakujibu.