Kutoka Bidoni Nyeusi Hadi Tangi la Paani: Historia Fupi ya Maji Moto ya Jua na Swali la Ruzuku

Mwaka juzi mama yangu alikuja Mbarara kutibiwa, akakaa siku tatu katika chumba ninachopanga. Asubuhi ya kwanza alitoka nje, akalitazama paa la nyumba ya mwenye nyumba, akaniuliza lile pipa jeupe lililolala juu ya kioo cheusi ni la nini. Nikamweleza kwamba jua hupasha maji ndani ya mirija iliyo chini ya kioo, maji yakipata moto huwa mepesi na kupanda hadi kwenye pipa, kisha hushuka kwa bomba mpaka bafuni. Alinyamaza kidogo, halafu akasema: "Kumbe ni bidoni yangu, wameipandisha tu juu ya nyumba."

Alisema kweli. Nyumbani kwetu Nakivale, tangu nikiwa mdogo, mama alikuwa na bidoni moja ya lita 20 aliyoipaka masizi ya sufuria mpaka ikawa nyeusi. Aliilaza juu ya jiwe kubwa saa tatu asubuhi, na saa kumi jioni wadogo zangu walioga maji ya uvuguvugu bila kuni hata moja. Sikuwahi kuliona jambo hilo kuwa historia. Nililiona kuwa umaskini. Neno la mama lilinipeleka kutafuta jinsi bidoni ilivyofika paani, na kwa nini safari hiyo haijafika kwetu.

Hoja ninayoitetea katika insha hii ni moja. Ruzuku za maji moto ya jua, popote zilipowekwa, zilitungwa kwa ajili ya mtu mwenye vitu vitatu: nyumba iliyo yake, maji ya bomba, na kodi au bili anayoilipa. Zilifanya kazi pale vitu hivyo vilipokuwapo. Pale visipokuwapo, msaada ulipita juu ya vichwa vya watu walewale wanaolipa gharama kubwa zaidi kupata ndoo moja ya maji ya moto.

Asili ya chombo

Wavumbuzi hawakuanzia kwenye kioo na mirija. Katika karne ya 19, wakulima wa Marekani waliweka matangi ya chuma yaliyopakwa rangi nyeusi mahali penye jua. Kasoro zake zilikuwa zilezile za bidoni ya mama: maji yalichelewa kupata moto hadi alasiri, na jua lilipozama yakapoa upesi. Mwaka 1891 Clarence Kemp wa Baltimore alisajili hataza ya chombo alichokiita Climax. Alichofanya ni kuyatia matangi meusi ndani ya sanduku lenye kioo juu, ili joto likiingia lisitoke kwa urahisi. Chombo hicho kilipata soko California, ambako jua ni jingi na makaa yalikuwa ghali.

Kasoro ya usiku ilibaki. Mwaka 1909 William J. Bailey alitenganisha kazi mbili: sehemu ya kupasha maji ikakaa kwenye jua, na tangi la kuyahifadhi likafungwa vizuri lisipoteze joto. Sasa mtu aliweza kuoga maji ya moto alfajiri. Pipa alilolitazama mama kwa mwenye nyumba ni mjukuu wa kazi ya Bailey.

Afrika haikuwa nje ya historia hii. Mwaka 1913, huko Maadi karibu na Cairo, Mmarekani Frank Shuman alijenga mtambo uliotumia vioo kukusanya jua, kutoa mvuke na kuvuta maji ya Mto Nile kumwagilia mashamba. Vita Kuu ya Kwanza ilikatiza kazi hiyo, kisha mafuta yakawa rahisi. Jambo hili limejirudia mara nyingi: mafuta na gesi vikiwa ghali, watu hulitazama jua, vikishuka bei, hulisahau. Israeli ndiyo iliyoendelea mbele. Baada ya msukosuko wa mafuta wa 1973, ilipitisha mwaka 1980 sheria ya kuzitaka nyumba mpya za kuishi ziwe na mitambo ya kupasha maji kwa jua.

Serikali zatoa mkono

Msukosuko huohuo wa mafuta ndio uliozaa ruzuku. Nikizilinganisha nchi, naona njia nne.

Ya kwanza ni punguzo la kodi. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1978 iliyomruhusu mwenye nyumba kupunguziwa kodi ya mapato kwa sehemu ya gharama ya mtambo wa jua. Mwaka 1980 kiwango kikapandishwa hadi asilimia 40. Mwaka 1979 Rais Jimmy Carter aliweka paneli za kupasha maji juu ya Ikulu yake. Punguzo liliisha mwaka 1985, paneli zikaondolewa mwaka 1986, na kampuni nyingi za ufungaji zikafungwa. Kisiwa cha Barbados kilianza mwaka 1974 kwa kuwapunguzia kodi watengenezaji wenyewe. Leo mapipa ya maji juu ya paa ni jambo la kawaida huko. Lakini katika nchi zote mbili, mtu asiye na kodi ya mapato ya kulipa hakuwa na cha kupunguziwa.

Njia ya pili ni marejesho, yaani kumrudishia mnunuzi sehemu ya fedha yake. Afrika Kusini, ilipokuwa na upungufu mkubwa wa umeme, ilianzisha mpango huo mwaka 2008 kupitia shirika la umeme la Eskom. Mnunuzi alifunga mtambo, akajaza fomu, kisha akasubiri kurudishiwa. Serikali ilitangaza lengo la mitambo milioni moja ifikapo 2014, na halikufikiwa kwa wakati. Neno "marejesho" lenyewe linaonyesha mpaka wake: hurudishiwa yule aliyekwisha kutoa.

Njia ya tatu ni mkopo unaolipwa kidogo kidogo. Tunisia, katika mpango wa PROSOL ulioanza mwaka 2005, ilitoa ruzuku ya asilimia 20 na kuruhusu salio lilipwe kwa miaka kadhaa ndani ya bili ya umeme. Huu ni mpango wa busara, kwa sababu mtu halazimiki kuwa na fedha zote siku ya kwanza. Hata hivyo, lazima awe na bili.

Njia ya nne ni amri. Kenya ilitoa kanuni mwaka 2012 zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yapate walau asilimia 60 ya joto hilo kutoka kwa jua, na majengo ya zamani yakapewa miaka mitano. Hapa mzigo uliwekwa juu ya mwenye jengo.

Kuna mfano mmoja unaotoka nje ya njia hizi, nao umenifaa kuliko yote. Katika mtaa wa Kuyasa, Khayelitsha, mjini Cape Town, nyumba za bei nafuu zipatazo 2,300 zilifungiwa mitambo midogo ya maji moto, dari za kuzuia baridi na taa zinazotumia umeme kidogo. Mradi huo, uliosajiliwa mwaka 2005 chini ya utaratibu wa Mkataba wa Kyoto, haukumngoja maskini anunue ndipo arudishiwe. Chombo kilikuja kwanza.

Mbarara: paa lenye tangi na paa lisilo nalo

Nchini Uganda hadithi ya umeme kwa kawaida huanza na bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na Malkia Elizabeth wa Pili. Kwa miaka mingi mwenye umeme mjini alipasha maji kwa umeme bila kujiuliza mara mbili. Hali ilibadilika mwaka 2005 na 2006. Maji ya Ziwa Victoria yalipungua, umeme ukakatwa kwa zamu, serikali ikakodi mitambo ya dizeli, na bei ya yuniti ikapanda sana. Mwaka 2007 ikatoka Sera ya Nishati Jadidifu, iliyolenga kupandisha sehemu ya nishati jadidifu ya kisasa kutoka asilimia 4 hadi asilimia 61 ya matumizi yote ifikapo 2017, na kupasha maji kwa jua kulikuwa miongoni mwa shabaha zake. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo iliweka vifaa maalumu vya nishati ya jua katika orodha ya bidhaa zinazosamehewa ushuru wa forodha.

Matokeo ninayaona kila siku nikitembea Boma na Kamukuzi. Juu ya hoteli na nyumba za wenye uwezo, mapipa yamejipanga yakitazama jua. Msamaha wa ushuru umewafaa, kwa kuwa mnunuzi wa mtambo wa mamilioni ya shilingi huiona tofauti ya bei. Lakini sisi wapangaji wa vyumba vya uani tunaoga maji baridi. Mwenye nyumba wetu si mtu mbaya; bomba la maji moto linaishia bafuni kwake kwa sababu mimi nikioga maji baridi yeye hapati hasara yoyote. Nami siwezi kufunga mtambo juu ya paa ambalo naweza kuambiwa niliache mwisho wa mwezi.

Nakivale: makazi ya muda ya miaka zaidi ya 60

Ukitoka Mbarara kwenda Nakivale, wilaya ya Isingiro, vitu vile vitatu vinaondoka kimoja kimoja. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi wa Rwanda walipokuwa wakikimbia. Mwaka 1982, Wanyarwanda walipofukuzwa vijijini Ankole, wengi walikimbilia tena huku. Baadaye wakaja Wasomali, Wakongo kama sisi, Warundi, Waethiopia na wengine. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inasifiwa, na kwa haki, kwa kuturuhusu kufanya kazi na kupewa kipande cha ardhi cha kutumia. Lakini kutumia si kumiliki. Nyumba nyingi ni za udongo, paa huweza kuwa turubai, maji huchotwa kwa bidoni, na kwa nyumba nyingi bili ya umeme haipo. Hakuna tangi la lita 200 linaloweza kukaa juu ya paa kama hilo.

Mwalimu wangu mmoja alinipinga niliposoma rasimu ya insha hii darasani. Alisema maji ya moto ni anasa, na mkimbizi anahitaji chakula kwanza. Naheshimu hoja hiyo, lakini inachukulia kwamba maji hayo kwa sasa hayana gharama. Tuihesabu. Kupasha lita 20 kutoka nyuzi 20 hadi 45 huhitaji nishati isiyofika yuniti 0.6 ya umeme. Kwenye mafiga matatu sehemu kubwa ya joto hupotea hewani. Tukikadiria kuwa sehemu moja kati ya kumi ndiyo inayofika majini, ndoo hiyo moja inakula zaidi ya kilo moja ya kuni. Nyumba yenye mtoto mchanga, mzazi aliyetoka kujifungua au mgonjwa haiwezi kuiacha ndoo hiyo. Kwa hiyo maji ya moto yapo Nakivale kila siku. Yanalipiwa kwa miti, kwa moshi, na kwa saa za wanawake na wasichana. Dada yangu alikosa vipindi vingi vya asubuhi kwa ajili ya kuni, na mara mbili alirudi mikono mitupu akilia, kwa sababu mwenye shamba alimfukuza na kumnyang'anya mzigo. Simlaumu sana mwenye shamba. Miti yake imekwisha. Lakini gharama hiyo haimo katika jedwali la ruzuku yoyote niliyoisoma.

Tufanye nini na historia hii? Nadhani kosa letu ni kuanzia kwa Bailey wakati sisi tuko bado kabla ya Kemp. Nyumba ya udongo haihitaji tangi la paani. Inahitaji sanduku la ardhini lenye kioo juu na majani makavu au mabaki ya nguo pembeni ya kuzuia joto, ambamo bidoni nyeusi hulazwa asubuhi. Jua la Uganda hutoa wastani wa yuniti tano hivi kwa kila mita ya mraba kwa siku. Sanduku lenye uso wa theluthi moja ya mita ya mraba linatosha kwa ndoo moja, hata kama zaidi ya nusu ya joto itapotea. Siku za mawingu kuni zitarudi. Seremala wa Base Camp anaweza kulitengeneza, na mkimbizi anayehama anaweza kulibeba.

Na fedha? Somo la Kuyasa ni kwamba msaada kwa asiye na akiba hutangulia ununuzi. Ruzuku ya namna hiyo ingemlipa fundi kwa kila sanduku linalofika mlangoni na kufanya kazi, badala ya kumngoja mama alete risiti. Ingeanza kwenye nyumba zenye watoto wachanga. Upande wa mjini, msamaha wowote kwa mwenye nyumba ya kupangisha ungepaswa kuwa na sharti kwamba bomba lifike pia bafu la wapangaji.

Hitimisho

Nimeonyesha kwamba chombo kilianza kama pipa jeusi la mkulima, kikapanda paani kwa ufundi wa Kemp na Bailey, na kikaenea kwa msaada wa serikali zilizowajua raia wao kupitia kodi, bili na hati za nyumba. Asiyekuwa na karatasi hizo hakuonekana, ingawa wazo la kwanza lilikuwa la watu kama yeye.

Asubuhi ile mama alipomaliza kulitazama pipa, aliomba maji ya moto ya kuoga kabla hatujaenda hospitali. Niliwasha jiko la makaa, tukangoja karibu nusu saa, na juu ya vichwa vyetu tangi lilikuwa limejaa.