Baba, Mama na Sindano ya Mtoto

Hapa Bunagana, mahali ambapo njia ya kutoka Rutshuru yafika mpakani na kuingia Uganda, kila mama mwenye mtoto mchanga aijua siku ya kilo. Mtoto hupimwa uzito, kadi huandikwa, na umri wake ukiwa umefika huchanjwa. Walakini sisi makatekista, tukipita nyumba kwa nyumba, twakuta mara nyingi ugomvi mmoja usiokwisha. Mama ataka kwenda, baba akataa. Au kinyume chake: baba aliyepata kufanya kazi Goma au Kisoro ataka mtoto achanjwe, naye mama, kwa maneno aliyoyasikia sokoni, huenda kwa wazazi wake mpaka siku ile ipite.

"Mama watoto, huyu haumwi. Kwa nini achomwe?" Ndilo neno la baba, wala si neno la mjinga. Mtu hutafuta dawa akiugua. Kumchukua mtoto anayecheza na kucheka, kumtoboa kwa sindano, na usiku ule ule apate homa, ni jambo linalodai maelezo. Ila wengi wanaobishana, wa upande huu na wa upande ule, hawajui jambo hili lilianzaje wala lilitufikiaje. Basi tuitazame habari yenyewe.

Kwanza neno. Kuchanja ni kukata ngozi kidogo kwa wembe, na wazee wetu walichanja chale wakapaka dawa kabla hawajaona sindano. Tena mtu asidhani kwamba kuikinga ndui kwa kuchanja kulibuniwa na madaktari wa Ulaya. Huko China, India, Uturuki, na katika sehemu kadhaa za Afrika, watu walitwaa usaha kidogo katika upele wa mgonjwa wa ndui, wakautia katika mkono wa mtu mwenye afya, ili apate ndui hafifu na kuokoka na ile kali. Mwafrika mmoja aliyekuwa mtumwa katika mji wa Boston, jina lake Onesimus, ndiye aliyemweleza bwana wake, mchungaji Cotton Mather, kwamba kwao yeye mwenyewe alichanjwa hivyo. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, Mather aliwaomba madaktari wajaribu. Mmoja tu alikubali, Zabdiel Boylston, naye alianza na mwanawe mwenyewe wa miaka 6. Mji ukawaka hasira. Mtu mmoja alitupa kombora dirishani mwa Mather. Hesabu ilipofanywa, wagonjwa wapatao 5,900 walikuwa wamepata ndui ya kawaida, na 844 wakafa; katika watu wapatao 240 waliochanjwa na Boylston, walikufa 6. Mtu aangalie vema: 6 si sifuri. Njia ile ya zamani ilikuwa na hatari yake, na aliyeiogopa hakuogopa kivuli.

Hata ugomvi wa baba na mama ni wa zamani. Mwaka 1718 mke wa balozi wa Uingereza huko Istanbul, Lady Mary Wortley Montagu, aliamua kumchanja mtoto wake wa kiume, ambaye hajatimiza miaka 5. Mama huyo ndui ilikuwa imemwua ndugu yake na kuuharibu uso wake mwenyewe. Mumewe hakuwapo nyumbani, wala hakuambiwa kabla. Padri wa Kianglikana wa ubalozi alipinga, akisema si jambo la Kikristu. Mama akachanja, siku chache baadaye akamwandikia mumewe kwamba mtoto anaimba na kucheza. Hatusemi kwamba ni vizuri mke kufanya jambo kubwa hivyo kwa siri. Twasema tu kwamba aliyejua ndui kwa uso wake hakungoja.

Upande wa pili yuko Benjamin Franklin wa Marekani, mtu mwenye elimu kubwa, aliyeamini chanjo wazi mbele ya watu. Mwanawe Francis alikuwa hajachanjwa bado ndui ilipomwua mwaka 1736, akiwa na miaka 4. Katika uzee wake Franklin aliandika habari hiyo kwa uchungu, kwa ajili ya wazazi wanaoogopa kwamba hawatajisamehe mtoto akifa kwa chanjo. Alisema mfano wake waonyesha kwamba majuto yaweza kuwa sawa kwa njia zote mbili, na kwa hiyo ni afadhali kuchagua njia yenye usalama zaidi. Kwa maoni yetu hakuna aliyeligusa swali la baba wa Bunagana karibu zaidi kuliko huyu.

Mwaka 1796 daktari Edward Jenner wa Uingereza aliona kwamba ndui ya ng'ombe, isiyo kali, humkinga mtu na ndui ya watu. Sisi tuliokalishwa darasani seminarini tukiimba Kilatini twajua kwamba vacca ni ng'ombe. Ndipo lilipotoka lile neno la Kifaransa, vaccin, tunaloliona kwenye kadi za watoto. Mwaka 1803 Mfalme wa Hispania alituma merikebu kupeleka chanjo hiyo Amerika. Kwa kuwa hapakuwa na friji, waliipitisha kutoka mkono wa mtoto mmoja hadi mkono wa mwingine njiani. Watoto 22 walichukuliwa kwa kazi hiyo, nao walikuwa watoto waliolelewa katika nyumba za yatima. Hapo hapakuwa na baba wala mama wa kubishana.

Sasa tuje kwetu, maana hofu ya kwetu ina mizizi yake. Katika Kongo ya Wabelgiji sindano haikuja kama shauri la nyumbani. Ilikuja kama amri. Wakati wa kupambana na ugonjwa wa malale, vikosi vya waganga vilipita vijijini, watu wakapangwa mistari, wakapapaswa shingo, na wengine wakachomwa sindano ndefu mgongoni ili kutoa maji ya uti. Aliyeonekana mgonjwa aliweza kutengwa na jamaa zake. Baadaye ikaja dawa iliyoitwa Lomidine, ambayo walichomwa hata watu wazima wa afya kwa kudhani itawakinga na malale. Haikuwa chanjo, ila kwa mwanakijiji sindano ni sindano. Mwaka 1954 huko Yokadouma, katika Kameruni ya Wafaransa, dawa hiyo ilichanganywa na maji machafu. Mamia ya watu waliooza nyama mahali pa sindano, na karibu 30 wakafa. Habari kama hizo husafiri kwa midomo, na zikifika mbali hupoteza jina la dawa na jina la nchi.

Karibu zaidi nasi kuna habari ya bonde la Ruzizi, kati ya Bukavu na Uvira. Mwanzoni mwa mwaka 1958, kwa muda wa majuma machache, watu 215,504 wa bonde hilo na kando ya Tanganyika walitiliwa kinywani chanjo ya polio iliyotengenezwa na Hilary Koprowski wa Marekani. Chanjo hiyo wakati ule ilikuwa bado inajaribiwa. Hakuna tunayemjua katika wazee wale aliyeelezwa kwamba ni jaribio. Miaka mingi baadaye, mwaka 1999, mwandishi Mwingereza Edward Hooper alitoa kitabu kinene akidai kwamba chanjo hiyo ndiyo iliyoleta ukimwi duniani. Neno hilo lilienea upesi, na hata leo twalisikia chini ya mti, mtu akilisema kana kwamba alikuwapo.

Basi lilichunguzwa. Chanjo ya Koprowski iliyobaki katika akiba ilipimwa, haikuonekana ndani yake virusi vya ukimwi wala alama ya sokwe. Mwaka 2004 ikaonekana kwamba virusi vya sokwe wa upande wa Kisangani ni vya ukoo mwingine, visivyo vya ukimwi wa watu. Tena wachunguzi walipofuata nasaba ya virusi vya ukimwi wenyewe, iliwapeleka kusini-mashariki ya Kameruni, na mwanzoni mwa karne ya 20, yaani miaka mingi kabla ya 1958. Dai la Hooper limeanguka. Walakini twaelewa kwa nini lilipata masikio hapa: watu waliotiliwa dawa bila kuulizwa huamini kwa urahisi neno lolote baya juu ya dawa hiyo.

Lakini historia hiyo hiyo ina ukurasa mwingine. Mwaka 1968 Kongo ilianza kampeni ya kuifuta ndui, nchi nzima, mahali pengi pasipo barabara. Mwaka 1971 mgonjwa wa mwisho wa ndui nchini akaonekana, na tangu hapo hakuna tena. Mwulize mzee yeyote wa Jomba akuonyeshe kovu la duara begani. Kovu hilo ndilo lililomaliza ugonjwa uliokuwa ukiua pengine watu 3 katika 10 na kuwapofusha wengine. Siku ya Mei 8, 1980 mataifa yalitangaza kwamba ndui imekwisha duniani pote. Chanjo yake ikaachwa, kwa kuwa hakukuwa na haja.

Katikati ya kampeni ile, mwaka 1970, karibu na Basankusu katika Ekwateri, mtoto wa miezi 9 aliletwa hospitalini na upele kama wa ndui. Haikuwa ndui. Ulikuwa ugonjwa ambao sasa twauita mpox, na yeye ndiye binadamu wa kwanza aliyejulikana kuupata. Katika jamaa yake ni yeye peke yake aliyekuwa hajachanjwa ndui. Chanjo ile ilikuwa ikikinga na hili pia, pasipo watu kujua. Ilipoachwa, vijana wakakua bila kovu, na mpox ikaongezeka mwaka hata mwaka. Mwaka 2024 ilienea Kivu mpaka katika kambi za wakimbizi kando ya Goma, na Oktoba 5 ya mwaka huo chanjo yake ilianza kutolewa mjini Goma. Walianza na watu wazima, maana chanjo ile ilikuwa imeruhusiwa kwao kwanza, ingawa watoto walikuwa katika walioumia sana. Wazazi walioikataa sindano na wazazi walioililia walikuwa katika mji mmoja.

Jambo kama hilo lilikwisha kuonekana wakati wa Ebola, iliyotangazwa Agosti 1, 2018 na kumalizika Juni 25, 2020, baada ya kuua watu 2,287. Mwanzoni wenye mimba na wanaonyonyesha hawakuruhusiwa kuchanjwa. Baadaye, mwaka 2019, wakaruhusiwa. Hivyo nyumba moja ikawa na sheria mbili, na mwezi wa pili sheria nyingine. Waganga walikuwa na sababu nzuri, yaani walingoja kujua zaidi, ila sababu isiyoelezwa hugeuka kuwa siri. Julai 2019 waziri wa afya mwenyewe, Oly Ilunga, alijiuzulu, na moja ya mambo aliyopinga ni kuletwa kwa chanjo ya pili ya Ebola. Wakuu wakibishana hadharani, ni ajabu gani baba na mama wakibishana jikoni?

Wakati macho yote yalikuwa juu ya Ebola, surua ilipita kimya. Tangu mwanzo wa 2019 mpaka Januari 2020 ilihesabiwa kuwa imewashika watu zaidi ya 310,000 katika Kongo na kuua zaidi ya 6,000, wengi wao watoto wadogo. Ni zaidi ya mara mbili ya waliouawa na Ebola katika vita vyake vyote. Na chanjo ya surua, ile ya miezi 9, ni ya zamani na bei yake ni ndogo.

Kuna mababa wanaotuuliza Kanisa lasemaje. Wengine wamesikia kwamba mwaka 2014 Maaskofu wa Kenya walitia mashaka juu ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake na kudai ipimwe. Ndivyo ilivyokuwa, na serikali pamoja na Shirika la Afya la Ulimwengu wakajibu kwamba ni salama. Wachache wamesikia kwamba Roma, katika tamko la Desemba 21, 2020 juu ya chanjo za korona, ilisema kuchanjwa kuwe kwa hiari, ila akataaye afanye kila awezalo asiwaambukize wengine. Kwa surua neno hilo la mwisho ni gumu mno. Mtoto mwenye surua huambukiza hata kabla upele haujatoka.

Tena tuseme kweli nyingine ambayo baba hufichwa, kisha akiigundua hukasirika. Matone ya polio yana kirusi kilichodhoofishwa. Mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, kirusi hicho chaweza kuzunguka muda mrefu mpaka kirudie ukali na kupooza mtoto, na Kongo imeyaona mambo hayo. Dawa yake ni watoto wengi zaidi kuchanjwa, wala si wachache. Ni hesabu ngumu kuieleza kwa mtu aliyesimama na jembe begani, lakini twajua mababa walioielewa walipoelezwa pole pole, na mganga aliyekubali kuketi.

Hapa kwetu, zaidi ya hofu, kuna vita. Bunagana ilitekwa Juni 13, 2022, na maelfu walivuka kwenda Kisoro, mama wengi wakiacha hata kadi za watoto. Chanjo hutaka baridi siku zote, nayo baridi hutaka umeme au mafuta na njia iliyo wazi. Mama aliyemshinda mumewe kwa maneno mwezi mzima aweza kufika kituoni na kuambiwa, "Rudi juma lijalo, haijafika." Akirudi nyumbani, baba asema, "Unaona?"

Inafaa kumtaja mtu mmoja wa Merca, pwani ya Somalia. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali. Chanjo ilikuwa mlangoni pake, lakini aliikwepa kwa sababu aliogopa maumivu. Oktoba 1977 akapata ndui, naye akawa mtu wa mwisho duniani kuipata kwa njia ya kawaida. Alipona. Baadaye, polio ilipoisumbua Somalia, alijiunga na wanaopita nyumba kwa nyumba, na wazazi walipokataa aliwaambia habari yake: kwamba aliikwepa sindano, na ndui ikamkuta. Polio ilipozuka tena mwaka 2013, yeye alitoka tena kuzungukia nyumba za watu. Katika kazi hiyo akashikwa na malaria, ambayo wakati ule haikuwa na chanjo ya kutolewa kwa watu, akafa mwezi wa Julai.