Salsa si mgeni: safari ya Havana, Kinshasa na Morogoro

Jumapili moja mchana nilikuwa nasikiliza kipindi cha zilipendwa, kituo sikitaji. Mtangazaji akapiga wimbo wa Celia Cruz, akausifia, kisha akasema: "Haya, tumeshatembea ughaibuni vya kutosha, sasa turudi nyumbani." Akaweka Cuban Marimba.

Nilicheka peke yangu. Kutoka Celia Cruz kwenda Cuban Marimba ndiyo kurudi nyumbani? Bendi imejiita ya Kikyuba, tumba zinalia Kikyuba, magitaa yanazunguka kama kinanda cha Havana, halafu tunaambiwa tumetoka ughaibuni! Lakini nikizidi kufikiri naona mtangazaji alikuwa sahihi kwa namna ambayo huenda hakuikusudia. Ule muziki ni wa nyumbani kweli. Na kama Cuban Marimba ni nyumbani, basi Celia Cruz naye si mgeni kama tunavyomchukulia. Hii ndiyo hoja yangu leo, msomaji, na nitaieleza kwa kufuata njia yenyewe.

Tuanzie Kongo. Katika karne za biashara ya utumwa maelfu kwa maelfu ya watu waliokamatwa nchi za Kongo na Angola walivushwa Atlantiki hadi Kyuba kukata miwa. Utumwa ulifutwa kule mwaka 1886 tu. Watu hao hawakuruhusiwa kubeba mali, lakini ngoma walizibeba kichwani. Kule Kyuba wakachonga upya walichokikumbuka. Muziki uitwao son, uliokuja kuwa mama wa salsa, mwanzoni besi yake ilipigwa kwa chombo kinachoitwa marímbula: sanduku lenye vipande vya chuma ambalo mpigaji hulikalia huku akivichapa kwa vidole. Mgogo yeyote akikiona chombo hicho atakiita kwa jina lake bila kufikiri. Ni marimba, ila imenenepa.

Na tumba je? Zile ngoma ndefu mbili tatu zinazosimama mbele ya bendi zetu za dansi, anazopiga "mpiga tumba". Wakyuba nao wanaziita tumba au tumbadora. Wamarekani wanaziita conga. Ngoma ilitoka Afrika ikiwa na sura moja, ikarudi na jina la Kyuba, sisi tukalipokea kama vile lilikuwa letu siku zote.

Yupo mtu mmoja ambaye kila mpenzi wa muziki huu anapaswa kumjua: Arsenio Rodríguez. Alikuwa kipofu tangu utotoni, akipiga tres, gitaa dogo la Kikyuba lenye jozi tatu za nyuzi. Familia yake ilijua asili yake ni Kongo na yeye hakuona haya kulitaja jambo hilo. Mwaka 1937 wimbo wake "Bruca Maniguá", wenye maneno yanayotokana na Kikongo, ulirekodiwa Havana. Miaka ya 1940 ndiye aliyeipanua bendi ya son kwa kuongeza kinanda, tarumbeta kadhaa na tumba. Ukisikia salsa leo, unasikia umbo alilolijenga yeye.

Sasa muziki huo ulirudije? Haukurudi kwa sababu mtu fulani alitaka kuwaunganisha ndugu waliopotezana. Ulirudi kwa sababu ya biashara.

Mwaka 1933 kampuni ya Uingereza ya HMV, ile yenye picha ya mbwa anayesikiliza gramafoni, ilianza kutoa santuri zenye alama ya herufi GV kwa ajili ya soko la Afrika. Wazungu hao hawakusafiri kurekodi chochote kipya. Walichukua nyimbo zilizokwisha rekodiwa Havana na New York, wakazibandika lebo mpya na kuzipakia melini. Miongoni mwa santuri za mwanzo kabisa ulikuwemo "El Manisero", yaani muuza karanga, wimbo wa Moisés Simons uliorekodiwa New York mwaka 1930 na okestra ya Don Azpiazú. Umejengwa juu ya sauti ya mchuuzi anayetembeza karanga mtaani. Je, mtu wa Kariakoo au wa Darajani, aliyezoea kumtambua muuza kahawa kwa mlio wa vikombe vyake, alihitaji mkalimani hapo?

Santuri za GV zilizotoka hadi mwishoni mwa miaka ya 1950 zilizidi mia mbili. Nyingi zilikuwa son, lakini kwenye lebo ziliandikwa "rumba", maana ndilo neno lililouzika Ulaya na Marekani. Kyuba kwenyewe rumba ni kitu kingine kabisa: ngoma, vijiti na uimbaji tu, bila gitaa wala tarumbeta. Kwa hiyo jina tunalolitumia kwa muziki wa Kongo hadi leo lilitokana na uamuzi wa wauza santuri. Jina lilikosewa, damu haikukosewa.

Santuri peke yake isingetosha, maana ni wangapi walikuwa na gramafoni? Hapa ndipo redio inapoingia. Kule Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, Radio Congolia ilianza mwaka 1939 na ilikuwa na vipindi kwa ajili ya Waafrika. Baadaye zikaja nyingine, pande zote mbili za mto. Vijana waliojazana mjini kutafuta kazi, kila mmoja na kabila lake, wakakuta muziki usio wa kabila lolote lakini wenye mapigo ambayo kila mmoja aliyatambua. Mwaka 1953 Joseph Kabasele akaunda African Jazz. Mwaka 1956 ikazaliwa OK Jazz ya kina Franco. Mwanzoni waliimba hata Kihispania cha kubahatisha, maneno ambayo Mhispania mwenyewe asingeyaelewa. Kisha Kilingala kikachukua usukani. Januari 1960, wanasiasa wa Kongo wakiwa Brussels kujadili uhuru, African Jazz walikuwa huko huko na wakarekodi "Indépendance Cha Cha". Tazama maajabu: wimbo wa kushangilia kuondoka kwa mkoloni umepigwa kwa cha-cha-cha, mtindo wa Havana, na hakuna Mwafrika aliyeuona ni wa kigeni.

Huku kwetu njia ilikuwa na matawi mawili. Santuri za GV zilifika moja kwa moja, na baadaye muziki wa Kongo ukaja na mawimbi ya redio. Morogoro alikuwepo kijana Salum Abdallah, aliyezaliwa mwaka 1928. Inasimuliwa kwamba aliupenda muziki wa Kyuba kiasi cha kutoroka kwao akitaka kupanda meli aende huko, akaishia Mombasa, akarudishwa nyumbani. Basi kama hakufika Kyuba, akaileta Kyuba Morogoro. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alianzisha bendi iliyokuja kujulikana kama Cuban Marimba. Alirekodi nyimbo nyingi, nyingine zikitolewa na lebo ya Mzuri ya Mombasa. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, hajatimiza miaka arobaini, na Juma Kilaza akaiendeleza bendi.

Nilipokuwa chuo pale Mlimani nilikuwa nabishana na wenzangu waliosema kwamba kina Salum walikuwa wanaiga tu. Jibu langu lilikuwa, na bado ni, hili: sikiliza kinachotokea ndani ya wimbo. Son ya Kyuba huanza kwa upole, mwimbaji akisimulia, kisha huingia sehemu iitwayo montuno, ambapo kiitikio kinajirudia na vyombo vinapamba moto. Wakongo wakaichukua sehemu ile, wakawapa wapiga magitaa, wakaiita sebene. Wanamuziki wetu wakaiita chemko, na humo wakaingiza mapigo ya ngoma za kwao. Halafu kila bendi ikajipa mtindo wake wenye jina: Western Jazz walikuwa na "saboso", neno linalokaribiana sana na sabroso la Kihispania, yaani tamu, Nuta Jazz wakaja na "msondo", ambayo ni ngoma ya huku huku. Mashairi nayo yakawa ya Kiswahili chenye mafumbo, ya mapenzi, ya kusemana na ya kuonyana. Mtu anayeiga hafanyi hivyo. Hivyo hufanya mtu aliyekuta chombo cha babu yake kikiuzwa dukani, akakinunua na kukirudishia matumizi.

Redio yetu ilifanya kazi kubwa zaidi ya kupiga nyimbo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikazaliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD. Nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kazi hiyo ilifanyika Kenya. Kwa hiyo bendi ziliingia studio za RTD, zikarekodi kwenye kanda, na kanda hizo ndizo taifa zima lilizozisikiliza kwa miaka. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, umuhimu wa studio hizo ukaongezeka mara dufu.

Na hapa kuna jambo la kutafakari. Mwaka 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam kwa hoja kwamba ni wa kigeni na unaharibu vijana. Wakati huo huo rumba na chacha, zilizotokana na santuri za kampuni ya Waingereza, ziliendelea kuchezwa kama utamaduni wetu. Simlaumu mtu, enzi zilikuwa enzi. Ninachosema ni kwamba "ugeni" wa muziki haupimwi kwa pasipoti. Unapimwa kwa kumbukumbu: tukisahau njia uliyopitia, ndugu anakuwa mgeni, na mgeni anaweza kuitwa ndugu.

Turudi ng'ambo ya bahari, maana nako mambo hayakusimama. New York Wakyuba walikutana na Wamarekani Weusi. Mwaka 1943 Mario Bauzá, mpiga tarumbeta wa okestra ya Machito, alitunga "Tanga", kipande ambacho wengi wanakihesabu kuwa mwanzo wa jazi ya Kilatini. (Wana Tanga msijipongeze, jina halihusiani na mji wenu!) Mwaka 1947 Dizzy Gillespie akamwingiza Chano Pozo, mpiga tumba wa Havana, kwenye bendi yake, na pamoja wakarekodi "Manteca". Mwaka uliofuata Chano aliuawa Harlem kwa risasi. Mwaka 1964 Johnny Pacheco, Mdominika, na mwanasheria Jerry Masucci wakaanzisha Fania Records, kampuni iliyolisambaza neno salsa duniani.

Kisha likaja tamasha lililofunga mduara. Septemba 1974 Kinshasa iliandaa siku tatu za muziki, zilizojulikana kama Zaire 74, kusindikiza pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi Oktoba 30, lakini muziki haukusubiri. Walikuwepo James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley. Na walikuwepo Fania All Stars, Pacheco akiongoza, Celia Cruz mbele. Filamu ya "Soul Power" ya mwaka 2008 inaonyesha wakianza kupiga na kucheza ndani ya ndege, kabla hata hawajafika.

Kumbuka Zaire ya wakati huo ilikuwa ya Mobutu na sera yake ya "uhalisi": majina ya Kikristo yalikuwa yamepigwa marufuku, Joseph hakuruhusiwa kuwa Joseph. Katika nchi hiyo Celia aliimba kwa Kihispania, na uwanja ukaimba na kucheza naye. Wazazi wa watu wale walikuwa wamelelewa na GV. Hakuwa amewaletea kitu kipya, alikuwa amekuja kuwasalimia.

Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Wakongo wa pande zote mbili za mto waliomba kwa pamoja, na walistahili. Dansi letu je? Tunalo, lakini tunalitunza kama mtu anayehifadhi vyeti chini ya godoro. Kanda za sumaku huzeeka: zinanata, zinaota ukungu, na siku moja zinakataa kuzunguka. Santuri zilizobaki majumbani zinatumika kufunikia vitu. Wapiga tumba wa zamani wanaondoka mmoja mmoja, na sisi waandishi tunawakumbuka kwa aya tatu za tanzia.

Basi nina maombi mawili. Kwa watangazaji wenzangu wa vipindi vya zilipendwa: mkipiga Cuban Marimba, tangulizeni Arsenio Rodríguez, halafu wekeni Kabasele katikati, na msiseme neno. Msikilizaji ataelewa mwenyewe. Kwa mwenye santuri au kanda ya mzee wake: usiitupe. Andika jina la bendi, waliopiga na ilikopatikana, maana mzee akishaondoka hakuna atakayekujazia.

Na ukimwona kijana anajifunza hatua za salsa kwenye ukumbi fulani mjini, akidhani anajifunza ya Walatini, usimcheke. Mwambie tu kwamba babu yake pale Morogoro alizicheza kabla yake, na jirani zake walimwita mtu wa dansi.