Watu Wangapi Watatosha?

Msomaji, ukiagizwa kufanya utafiti kijijini kwenu, utajiuliza mapema: niwahoji watu wangapi? Wengi hujibu mia moja, kwa kuwa mia ni hesabu ya kupendeza. Hiyo si sababu. Tazama jinsi swali hili lilivyojibiwa Ukambani mwaka 2004, wakati ambapo jibu la ovyo lingaliweza kugharimu roho za watu.

Mwaka huo, katika wilaya za Makueni na Kitui na jirani zake, watu waliugua ini, macho yakawa manjano, na wengi wakafa. Kufikia tarehe 20 Julai wagonjwa 317 walikuwa wamehesabiwa, na 125 miongoni mwao walikuwa wamekufa. Lawama iliangukia mahindi yenye sumukuvu, yaani sumu itokayo katika kuvu inayoota juu ya nafaka isiyokauka vema. Nayo haikuwa ngeni: mwaka 1981 iliua watu 12 katika Wilaya ya Machakos, ambayo siku zile ilikuwa pamoja na Makueni.

Lakini karibu kila nyumba ilikula mahindi. Kwa nini huyu augue, na jirani yake asalimike? Wachunguzi waliwachukua wagonjwa 40 tu, na kwa kila mgonjwa wakatafuta watu wawili wazima, jumla 80, waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Wagonjwa walikuwa wachache na wazima tele. Kuongeza wazima ni njia rahisi ya kuupa uchunguzi nguvu. Wakawahoji, wakapima damu na mahindi yao. Sheria ya Kenya wakati ule iliruhusu sehemu 20 za sumu katika bilioni. Wastani katika nyumba za wagonjwa ulikuwa kama 354. Katika nyumba za wazima, 44. Tena wagonjwa, kuliko wazima, walikuwa wameweka mahindi yenye unyevu, na kuyaweka ndani ya nyumba badala ya ghalani.

Tofauti kubwa namna hiyo huonekana hata kwa watu 120. Kama ingalikuwa 50 kwa 44, hata watu mia kadhaa pengine wasingaliidhihirisha. Ila wagonjwa wale 40 hawakupigiwa kura, walichukuliwa waliofikika. Huo ni udhaifu, na kwa maoni yangu hata wangalikuwa 200 usingaliondoka, maana wingi hautengenezi uchaguzi mbaya.

Swali la pili lilikuwa jingine kabisa: mahindi yaliyokuwa yakiuzwa sokoni yalikuwa salama kwa kadiri gani? Hapa hakukuwa na makundi mawili ya kulinganisha, bali sehemu ya kukadiria, na makadirio hutaka wingi. Ukichagua kwa bahati nasibu sampuli 100, nawe ukakuta nusu ni mbovu, waweza kukosea kwa kama 10 katika mia, juu au chini. Ukitaka kosa lipungue hadi 5, itakubidi uchukue 400, wala si 200. Wachunguzi walikusanya sampuli 350 kutoka kwa wachuuzi 243 katika masoko 65. Wangaliweza kuchota zote 350 katika soko la Wote na kurudi mapema, lakini wangalijua habari za Wote peke yake. Walikuta sampuli 55 katika kila mia zimepita kiwango cha sheria, na 7 katika kila mia zimepita 1,000. Mahindi hayo yalikuwa bado yanauzwa.