Kuoanisha na Kuunganisha: Simu Garini tangu 1946

Mfasiri wa kitabu cha maelekezo ya gari hukuta vitendo viwili ambavyo, kwa haraka, huweza kuvipa jina moja tu: kuunganisha. Tunaonelea kwamba kufanya hivyo ni kumnyima dereva njia ya kutafuta hitilafu, na historia ya mtambo wenyewe yatuonyesha sababu.

Huduma ya simu ya gari ilianza St. Louis, Marekani, tarehe 17 Juni 1946. Mtambo wake ulikuwa na uzito wa kilo 36 hivi, nao ulifungwa garini moja kwa moja. Simu na gari vilikuwa kitu kimoja. Hapakuwa na haja ya vitu hivyo kutambulishana. Haja hiyo ilizuka simu ilipohamia mfukoni.

Mwaka 1994 wahandisi wa Ericsson mjini Lund, Sweden, walianza kutafuta redio ya umbali mfupi ichukue nafasi ya waya. Mwaka 1998 kampuni za Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba ziliungana kuiendeleza. Jina Bluetooth, lililopendekezwa na Jim Kardach wa Intel, ni lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, anayekumbukwa kwa kuunganisha watu wake. Hivyo jina lenyewe humvuta mfasiri kwenye neno kuunganisha.

Lakini utaratibu wake una hatua mbili. Kwanza, simu na redio ya gari hutambulishana na kuwekeana ufunguo wa siri, ambao kila upande huuhifadhi. Hatua hii hufanyika mara moja, nayo ndiyo kuoanisha. Baadaye, kila gari liwashwapo, pande hizo huhakikishiana ufunguo ule na kufungua mawasiliano. Hiyo ndiyo kuunganisha.

Tofauti hii ina manufaa barabarani. Ufunguo ukifutwa upande mmoja, dereva atajaribu kuunganisha mara kumi bila kufaulu. Hana budi kufuta kumbukumbu pande zote mbili, kisha aoanishe upya. Lakini mawasiliano yakifunguka na sauti ikawa inakatikakatika, huenda kisa ni mwingiliano wa mawimbi. Bluetooth hutumia eneo la gigahezi 2.4, linalotumiwa pia na mitambo mingine mingi. Kwa sababu hiyo sauti husafirishwa kwa kurukaruka kati ya njia 79, hadi mara 1,600 kwa sekunde, na tangu toleo la mwaka 2003 mtambo huweza kuzikwepa njia zenye msongamano.

Hapo pana mtego mwingine. Neno masafa hutumika kwa umbali na pia kwa kasi ya mitetemo ya wimbi. Dereva akiambiwa kwamba simu yake "iko nje ya masafa", hatajua kama aisogeze karibu au la.

Kwa hiyo twapendekeza kuoanisha kwa kuwekeana ufunguo, kuunganisha kwa kufungua mawasiliano, umbali kwa nafasi iliyopo kati ya vyombo, na masafa kwa mitetemo peke yake. Walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya kwa madereva wenyewe kabla hayajachapwa vitabuni.