Samaki Asiye wa Ziwa Letu

Mama aliuza samaki aitwaye mbasa sokoni Ipinda, na sarafu zake aliziweka ndani ya chungu kidogo cha wafinyanzi Wakisi. Jioni alizimwaga mkekani tuhesabu wote. Nilijifunza hesabu hapo, na wanyama pia: mbuni kwenye senti 20, sungura kwenye senti 50. Shilingi ilikuwa na mkono ulioshika mwenge. Senti 5, ya shaba, yenye pembe kumi na mbili, ilikuwa na samaki mwenye mdomo mrefu kama mkuki na pezi lililotanda mgongoni kama tanga.

Samaki huyo alininyima raha. Nikampelekea babu, mvuvi aliyezaliwa Matema, kando ya Ziwa Nyasa, na kuzeekea papo hapo. Aliigeuza sarafu kiganjani, akaielekeza kwenye jua, akasema: "Mjukuu wangu, ziwa hili nalijua. Huyu hayumo." Nilikuja kulijua jina lake nikiwa mtu mzima, kwa mvuvi wa Kigamboni: sulisuli, samaki wa maji chumvi.

Sarafu zile zilianza 1966, mwaka ambao Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa, tarehe 14 Juni, nasi tukaachana na shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba na milima. Mchoraji alikuwa Mwingereza, Christopher Ironside, ambaye mkono wake umo pia katika sarafu za desimali za kwao. Upande mmoja alikaa Mwalimu Nyerere. Upande wa pili, isipokuwa kwenye shilingi, walikaa viumbe. Hilo halikuwa pambo tu. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru, Mwalimu alikuwa ametangaza Arusha kwamba wanyamapori ni amana tunayopaswa kuwatunzia wajukuu. Sarafu iliipeleka kauli hiyo hadi kwenye chungu cha mama.

Mwaka 1974 zikatoka sarafu maalumu za kuhimiza uhifadhi: twiga kwenye shilingi 25 na faru kwenye shilingi 50, zote za fedha, duma kwenye shilingi 1,500 ya dhahabu. Hizo hazikufika Ipinda. Zilikuwa za wakusanyaji. Baadaye wanyama wakubwa wakaingia sokoni: tembo kwenye shilingi 20, swala kwenye 100, faru na ndama wake kwenye 50 ya mwaka 1996, simba kwenye 200 ya 1998, nyati kwenye 500 ya 2014. Na huyo faru ndiye anayeniuma. Kati ya sarafu yake ya 1974 na ile ya 1996, majangili walikuwa wamewamaliza karibu wote. Picha peke yake haimlindi mnyama, lakini humfanya mtoto aulize habari zake, kama nilivyouliza mimi.

Ndiyo maana nawaomba wanaochagua michoro waangalie na huku kwetu. Juu ya milima ya Livingstone ipo Kitulo, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Mwaka huohuo wanasayansi waliutangazia ulimwengu habari za kipunji, kima wa misitu ya Rungwe na Livingstone, ambaye wazee wetu walikuwa na jina lake tayari. Na yupo mbasa, asiyepatikana katika ziwa jingine lolote duniani. Mvua zikinyesha hupanda mito kutaga mayai, na nyavu humngoja mlangoni mwa mto. Anapungua.

Mchoraji akija, tutampeleka alfajiri kwenye mdomo wa mto Kiwira, mvua zikiwa zimeanza. Mbasa akiinuliwa kutoka majini, magamba yake hung'aa rangi ya fedha, kila gamba duara dogo, kama sarafu zilizomwagika mkekani kwa mama.

Chungu ninacho hadi leo. Ndani imebaki senti 5 moja.